Nyumba ya Amana Hujengwa Mara Mbili

Ndugu msomaji, liko swali moja lizukalo katika kila chama cha hisani mara tu kinapopita utoto wake. Chama kilianza katika chumba cha kuazima. Daftari zake ziliwekwa katika sanduku chini ya kitanda cha katibu, na mikutano yake ikafanywa kivulini, chini ya mwembe. Kisha kazi ikakua. Wagonjwa wakazidi, yatima wakaongezeka, barua zikawa nyingi, na siku moja mjumbe akasimama mkutanoni akasema: "Wakati umefika tuwe na makao makuu yetu wenyewe." Papo hapo watu hugawanyika. Wako wapigao makofi, na wako wainamishao vichwa kwa mashaka.

Wenye mashaka husema: "Fedha hizi zilitolewa kwa ajili ya wenye njaa. Je, ni halali kuzinunulia saruji?" Wapigao makofi hujibu: "Mwenye njaa wa kesho atatutafuta wapi, ikiwa hatuna mlango?" Na kwa kuwa kila upande una sehemu ya haki, mkutano huendelea mpaka usiku, na mwishowe jambo huamuliwa na yule mwenye sauti kubwa zaidi.

Swali hili si la mafundi na wahasibu peke yao. Ni swali la maadili, maana chama cha hisani hakina mali iliyo yake kwa maana ya kawaida. Kila shilingi iliyo mkononi mwake ni amana: nyuma yake yuko mtu aliyeitoa kwa nia maalumu, na mbele yake yuko mhitaji aliyekusudiwa. Mimi ninayeandika haya ni mwalimu katika chuo cha dini ugenini, na vijana ninaowafundisha watatawanyika katika nchi nyingi, na wengi wao watakabidhiwa funguo za majengo na vitabu vya hesabu kabla ya kufikia umri wa miaka 30. Kwa hiyo jambo hili nimelifikiri sana. Nami nitajaribu kuonyesha kwamba kosa kubwa hutokea pale nyumba inapohesabiwa mara moja tu, hali nyumba hujengwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mawe, na mara ya pili kwa matunzo. Na yule alipaye mara ya pili ndiye mwenye nyumba kwa kweli.

JE, YAFAA KUJENGA?

Tuanze na wenye mashaka, kwani hoja yao ina uzito. Imetokea mara nyingi, tena katika nchi nyingi, kwamba chama kilichoanzishwa kuwatumikia maskini kiligeuka kuwa mtumishi wa jengo lake. Wakubwa wake wakashughulika na vigae na mapazia, na mhitaji alipofika langoni akaulizwa na bawabu kama ana miadi. Huo ni msiba, na aonyaye dhidi yake anastahili shukrani.

Lakini wenye mashaka nao husahau kwamba kutokuwa na nyumba kuna gharama yake. Tuchukue mfano wa chama kilipacho kodi ya shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 7,200,000, na kwa miaka 20 ni shilingi 144,000,000. Tena hesabu hiyo ni sahihi ikiwa mwenye nyumba hatapandisha kodi hata mara moja, na mwenye nyumba wa namna hiyo ni nadra kama mvua ya kiangazi. Baada ya miaka hiyo 20 chama hakina hata tofali moja. Zaidi ya hayo, mpangaji huweza kuambiwa ahame katika muda wa miezi michache, na pamoja naye zihame dawa, hati na kumbukumbu za watoto ambao hawana ushahidi mwingine wa asili yao ila yale makaratasi.

Basi haki iko wapi? Naona iko katika kipimo kimoja, nacho ni hiki: Kwa kila chumba kinachochorwa katika ramani, tuulize: "Mhitaji akiingia humu, atafaidika nini?" Ghala la dawa litajibu swali hilo. Chumba cha kumbukumbu kitajibu. Darasa litajibu. Ukumbi wa fahari utakaotumiwa mara mbili kwa mwaka hautajibu, maana ukumbi wa mara mbili kwa mwaka huweza kukodiwa. Na ofisi ya mwenyekiti iliyo kubwa kuliko chumba cha wagonjwa haitathubutu hata kufungua kinywa.

Kuna mfano wa kale ambao hautachakaa. Alipohamia Madina mwaka 622, Mtume Muhammad s.a.w. alihitaji mahali pa ibada na pa kuendeshea shughuli za umma. Kiwanja kilichochaguliwa kilikuwa mali ya yatima wawili. Kilipotaka kutolewa bure, Mtume s.a.w. hakukubali, bali alitaka kilipiwe thamani yake. Kuta zikawa za matofali ya udongo, nguzo zikawa magogo ya mitende, na paa likaezekwa kwa makuti yake. Yeye mwenyewe alibeba matofali pamoja na masahaba zake. Katika jengo hilo hilo watu walisali na kufundishwa, wajumbe wa makabila walipokewa, na maskini wasio na makao walikaa katika sehemu yenye kivuli iliyoitwa Suffa. Tazama, msomaji mpenzi, jinsi mambo matatu yalivyokutana hapo: mnyonge hakubebeshwa mzigo wa ujenzi, kila sehemu ilikuwa na kazi, na viongozi waliuona uzito wa tofali kwa mabega yao wenyewe.

MARA YA PILI

Sasa tuje kwenye hesabu isahauliwayo. Mwaka 1990 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti juu ya matunzo ya majengo ya umma. Lilishauri kwamba kwa kila mwaka itengwe, kwa ajili ya matunzo na matengenezo, asilimia 2 hadi 4 ya fedha ambazo zingehitajika kulijenga jengo hilo upya.

Asilimia 2 husikika kuwa ndogo. Lakini hebu tuipige hesabu. Nyumba iliyogharimu shilingi 200,000,000 yahitaji angalau shilingi 4,000,000 kila mwaka kwa rangi, mabati, mabomba, nyaya, milango na mchwa. Kwa miaka 50 hizo ni shilingi 200,000,000 nyingine, yaani bei ile ile ya kwanza. Na tukishika asilimia 4, nyumba itakuwa imelipiwa mara ya pili katika miaka 25 tu. Hapa sijataja umeme, maji, mlinzi wala mfagizi. Kwa hiyo anayeuambia mkutano kwamba jengo litagharimu milioni 200 amesema nusu ya kweli, na nusu iliyobaki itawaangukia watu ambao hawakuwapo mkutanoni.

Hata mashirika makubwa kabisa ya dunia yamefundishwa somo hili kwa uchungu. Makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York yalianza kwa ukarimu mkubwa. Mwezi Desemba 1946 tajiri John D. Rockefeller Mdogo alitoa dola milioni 8.5 za kununulia kiwanja, na serikali ya Marekani ikakopesha dola milioni 65 bila riba. Deni hilo lilikwisha kulipwa mwaka 1982. Majengo yalikamilika mwaka 1952, nayo yakasifiwa duniani kote. Lakini miaka ilipopita, paa likavuja, mabomba yakachakaa, asbesto ikawa imo ndani ya kuta, na kinga dhidi ya moto ikawa haitoshi. Matengenezo makubwa yaliahirishwa na kuahirishwa. Yalipoanza kwa kweli, mwaka 2008, watumishi kwa maelfu walilazimika kuhamishiwa katika majengo mengine, na kazi hiyo iliyochukua miaka kadhaa ikagharimu zaidi ya dola bilioni 2. Hata tukikumbuka kwamba thamani ya dola ilikuwa imepungua sana tangu siku za mkopo ule, bado twaona kwamba kutengeneza kulizidi kujenga. Wahenga wetu walikwisha kutuonya bila ya ripoti yoyote: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Umoja wa Mataifa una serikali nyingi za kuchangia gharama hizo. Chama chenye wanachama 300 kina nani? Jibu ni kwamba kina yule yatima. Paa linapovuja na mfuko wa matengenezo ni mtupu, mweka hazina hufungua sanduku la chakula, akijiambia kwamba atarudisha. Wala hafanyi hivyo kwa uovu. Hufanya kwa kuwa mvua haisubiri. Lakini tangu siku ile maskini ndiye anayelipa matunzo ya nyumba iliyojengwa kwa jina lake, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

NANI ATOE?

Huenda mtu akasema: "Basi tumtafute mfadhili mkubwa, atujengee bure, nasi tuokoe fedha zetu." Rai hii huvutia, kwa hiyo yafaa tuitazame kwa makini.

Tarehe 28 Januari 2012 makao makuu mapya ya Umoja wa Afrika yalifunguliwa mjini Addis Ababa, mahali palipokuwa na gereza la zamani lililojulikana kwa jina la Alem Bekagn. Mnara wake una urefu wa mita 99.9, ili kuikumbuka tarehe 9 Septemba 1999, ambapo viongozi wa Afrika waliokutana Sirte, Libya, walitoa tamko la kuunda Umoja huo. Jengo hilo lililogharimu dola milioni 200 lilikuwa zawadi ya serikali ya China. Miaka sita baadaye, mwezi Januari 2018, gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba kwa miaka mitano habari zilizokuwa katika mitambo ya kompyuta ya jengo hilo zilikuwa zikipelekwa Shanghai kila usiku. Serikali ya China ilikanusha vikali, na viongozi wa Umoja wa Afrika nao wakakanusha.

Sisi hapa si mahakimu wa shauri hilo, wala hatusemi kwamba atoaye zawadi kubwa ana nia mbaya. Jambo tunalotaka kulionyesha ni jepesi zaidi: mtu akipewa nyumba iliyochorwa, iliyojengwa na kuwekewa vifaa na mwingine, basi hata kama mtoaji ni mwema kabisa, mpokeaji hana njia ya kuwajibu wamshukuo. Hawezi kusema, "Naijua kila pembe ya nyumba hii, maana niliijenga." Uwezo wa kusema maneno hayo ni sehemu ya uhuru, nao haununuliwi kwa urahisi baada ya kupotea. Cha kuazima hakisitiri maungo. Yapasa kutaja kwa heshima kwamba mwezi Julai 2016, katika mkutano wao wa Kigali, wakuu wa nchi za Afrika waliamua kuweka ushuru wa asilimia 0.2 juu ya baadhi ya bidhaa ziingiazo kutoka nje ya bara, ili Umoja ujiendeshe kwa fedha za Waafrika wenyewe. Utekelezaji wake umekuwa wa polepole, lakini njia waliyoiona ni ya haki.

"Je, tukatae zawadi?" La hasha! Kumkatalia mwenye moyo wa kutoa ni kumnyima thawabu. Lakini zawadi ya jengo yafaa ipokewe kwa masharti matatu. Kwanza, ramani iwe yetu, ipimwe kwa mahitaji yetu, na isipimwe kwa ukubwa wa mfuko wa mtoaji. Akitaka kutoa ghorofa tatu nasi twahitaji moja, tumwombe ghorofa moja, na thamani ya zile mbili tumwombe aiweke katika mfuko wa matunzo. Pili, asiwepo mtu mmoja, mzuri au mbaya, ambaye akiondoka kesho nyumba itazimika taa. Tatu, zawadi isiyoweza kutunzwa irudishwe kwa adabu. Lifti nzuri isiyo na fundi, jenereta kubwa isiyo na fedha za mafuta, ni wageni walao kila siku bila kufanya kazi.

Ama kuhusu mchango mdogo wa watu wengi, wako waudharauo kwa sababu huja polepole. Lakini mchango huo huleta kitu kisichopatikana kwa hundi moja kubwa. Mjane aliyetoa shilingi 1,000 hununua pamoja na tofali lake haki ya kuuliza. Akipita barabarani akaona bati limeng'oka, husema, "Bati letu limeng'oka," na jioni katibu huulizwa habari zake. Wachangiaji 2,000 ni walinzi 2,000. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojazwa na wengi hakiibiwi kwa urahisi.

HEKIMA YA WAKFU

Waislamu wa zamani waliitambua hesabu ya mara ya pili mapema sana. Seyidna Umar r.a. alipopata shamba huko Khaibar, alimwendea Mtume s.a.w. kumtaka shauri, naye akashauriwa kwamba akipenda alizuilie shamba lenyewe, lisiuzwe wala lisirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Katika shauri hilo mna msingi wa wakfu: shina hubaki, na matunda ndiyo yanayotumika mwaka hata mwaka.

Kwa hiyo aliyejenga msikiti, shule au hospitali aliweka pembeni yake maduka, mashamba au mabafu ya kupangisha, ili mapato yake yalitunze jengo. Karibu na mwaka 1010 khalifa wa Kifatimi al-Hakim aliandika hati ya wakfu kwa ajili ya Msikiti wa al-Azhar mjini Cairo pamoja na taasisi nyingine. Hati hiyo, ambayo mwanahistoria al-Maqrizi alituhifadhia habari zake, ilitaja matumizi moja moja: mishahara, mikeka, mafuta ya taa, hata ufagio. Hebu tafakari jambo hilo! Mtawala wa dola kubwa hakuona haya kuandika habari za ufagio. Alijua kwamba msikiti usio na ufagio haukawii kuwa gofu. Hali kadhalika hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, iliwekewa mali za wakfu, nayo ikaendelea kuwatibu wagonjwa kwa karne nyingi baada ya mjengaji wake kuingia kaburini.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki wazee wetu walifanya vivyo hivyo kwa minazi, mikarafuu na nyumba za kupangisha. Lakini hapa pana onyo pia. Katika Mji Mkongwe wa Unguja ziko nyumba za wakfu zilizochakaa, kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo mno hata isitoshe kuzikarabati. Mali ya wakfu nayo ni nyumba, na nyumba hiyo pia hujengwa mara mbili. Mlishaji asipolishwa, hufa pamoja na aliyelishwa.

Chama cha leo chaweza kuifuata hekima hii bila kuwa na utajiri wa masultani. Ikiwa kiwanja kinaelekea barabara, vyumba viwili vya mbele vifanywe maduka ya kupangishwa, na kodi yake iingie katika mfuko wa matunzo peke yake, wenye hesabu yake benki. Lakini tahadhari iwepo: biashara isije ikameza huduma, mpaka mgonjwa asukumwe uani ili mfanyabiashara apate baraza.

NYUMBA ISHUHUDIE MANENO YETU

Liko jambo jingine. Kila chama huhubiri neno fulani, na jengo lake ama hulishuhudia neno hilo au hulikanusha. Ahubiriye kiasi katika kasri, kuta zake humsuta.

Katika pwani ya mashariki ya Marekani iko ghuba kubwa iitwayo Chesapeake. Tangu mwaka 1967 kiko chama cha hiari, Chesapeake Bay Foundation, kilichoundwa ili kuyaokoa maji ya ghuba hiyo na uchafu. Chama kilipotaka makao makuu kando ya maji, karibu na mji wa Annapolis, kilikabiliwa na swali gumu: Je, mlinzi wa ghuba aichafue ghuba ili apate ofisi? Mchapishaji Philip Merrill alichangia fedha nyingi, na jengo likapewa jina lake. Lakini jengo lenyewe, lililofunguliwa mwaka 2000, lilitii mafundisho ya chama. Lilijengwa mahali palipokuwa na majengo tangu zamani, ili ardhi nyingine isiguswe. Vyoo vyake havitumii maji, bali uchafu hugeuzwa kuwa mbolea. Mvua ya paa huwekwa katika matangi na kutumika kwa kunawia mikono. Mbao za kukinga jua zilitokana na mapipa ya zamani ya kutilia achari. Hali ya hewa inapokuwa nzuri, taa huwaka kuwaarifu watumishi wafungue madirisha. Likawa jengo la kwanza kupata daraja la juu kabisa, liitwalo platinamu, katika vipimo vya Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki, tarehe 31 Machi 2011, ofisi mpya za Umoja wa Mataifa zilifunguliwa Gigiri, Nairobi, ambako Shirika la Mazingira la Umoja huo lina makao yake makuu. Ni ofisi za watu 1,200 hivi. Juu ya paa ziko mita za mraba 6,000 za mitambo ya nguvu ya jua, kwa kusudi kwamba jengo lizalishe kwa mwaka umeme unaolingana na ule linaoutumia. Nuru ya mchana huingia hadi katikati ya jengo, na upepo wa asili huchukua nafasi ya mashine za kupooza hewa.

Usiseme, ndugu msomaji, kwamba hayo ni ya matajiri. Sehemu kubwa ya hekima hiyo bibi zetu waliijua. Nyumba iliyoelekezwa vizuri ili jua la mchana lisipige madirisha yake, yenye baraza pana, dari iliyo juu, madirisha yanayotazamana na tangi la maji ya mvua, hupunguza gharama za kila mwezi kwa muda wote wa uhai wake. Fedha iliyozidishwa kidogo siku ya ujenzi ili kupunguza gharama za kila mwezi huwa ni wakfu uliofichwa ndani ya ukuta. Lakini hapa pia tuhesabu kwa ukweli: betri za nguvu ya jua huchakaa na kuhitaji kubadilishwa, na anayezisahau katika makisio atazikumbuka gizani.

UTARATIBU WA KUFUATA

Ikiwa chama kimekwisha kuamua kujenga, naona yafaa kifuate mpango huu.

Kwanza, hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la wadhamini wa chama waliosajiliwa kisheria, wala isiwe kwa jina la mwenyekiti, hata akiwa mcha Mungu wa namna gani. Mwenyekiti ni mwanadamu, ana warithi, na warithi wake hawakula kiapo cha chama.

Pili, sanduku la ujenzi litengwe kabisa na sanduku la huduma. Aliyetoa kwa ajili ya dawa hakutoa kwa ajili ya kokoto. Ikiwa kokoto zahitajika, aombwe tena, naye awe huru kukataa.

Tatu, mfuko wa matunzo uanzishwe kabla ya msingi kuchimbwa, na kwa kila shilingi 10 ziingiazo kwa ajili ya ujenzi, shilingi moja au mbili ziingie huko. Chama kisichoweza kufanya hivyo wakati wa shauku ya ujenzi, hakitaweza wakati shauku imepoa.

Nne, ujenzi ugawanywe kwa awamu ambazo kila moja yaweza kutumika peke yake. Vyumba vitatu vilivyoezekwa ni bora kuliko nguzo 20 zinazongojea paa huku nondo zake zikila kutu. Wala ahadi za wachangiaji zisihesabiwe kuwa fedha. Ahadi ni deni, na deni lililo mikononi mwa wengine halilipi mkandarasi.

Tano, hesabu zisomwe hadharani kila mwaka baada ya kukaguliwa na mtu asiye mjumbe wa kamati, zikionyesha mfuko wa matunzo una kiasi gani na umetumika kwa nini. Yule mjane wa shilingi 1,000 akiweza kuelewa hesabu hizo, zimeandikwa vizuri.

Msomaji mpenzi, siku ya kufungua jengo ni siku rahisi. Utepe hukatwa, picha hupigwa, na wakubwa huketi mbele. Siku ngumu ni ile ya mwaka wa kumi na moja, wakati wa masika, ambapo tone la kwanza huangukia daftari la mayatima usiku, na hakuna mkubwa aliyepo. Siku hiyo ndiyo itakayoonyesha kama tulijenga nyumba au tuliacha deni. Ikiwa kijana fulani, ambaye sisi hatutamjua wala yeye hatatujua, ataamka asubuhi, akafungua kitabu, akakuta fedha za bati zimo, na akampigia simu fundi bila kugusa chakula cha mtu yeyote, basi tutakuwa tumeitimiza amana.

Mwenyezi Mungu atujaalie kujenga kwa kiasi, kutunza kwa uaminifu, na kukabidhi kwa heshima. Amin.